UMEME LAZIMA UPATE NJIA YA KURUDI

Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa umeme mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja cha milimani, wilaya ya Same.



 Mwalimu aliniambia hivi: "Fundi, njoo utueleze umeme ni kitu gani. Watoto wanarudi kutoka shule na maswali ya umeme, wanawauliza wazazi, na wazazi wanabaki kimya." Nikasema nitakuja. Lakini nilikuwa na sababu nyingine ya kukubali, nayo nitaisema baadaye kidogo. Si sababu ya kujisifu.

Hapa mezani nimeweka betri mbili za tochi, balbu mbili ndogo za tochi, na vipande vya waya nilivyovitoa katika redio mbovu. Vitu hivi havina hatari, hata mtoto anaweza kuvishika. Umeme wa nyumbani msiuchezee hata siku moja. Tutajifunza kwa betri, halafu tutaufikiria ule wa nyumbani kwa akili tu, bila kuugusa.

Tuanze na jambo tunalolijua. Sisi watu wa Upare hatuhitaji kufundishwa habari za maji. Wazee wetu walituachia ndiva. Maji ya kijito yanaingia ndani ya ndiva usiku kucha. Asubuhi ndiva inazibuliwa, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani, kila mtu kwa zamu yake. Mfereji ukijaa mchanga, tunaitana msaragambo, tunakwenda na majembe kuusafisha.

Sasa niulize: kwa nini maji yanatembea ndani ya mfereji? Naam, mzee amesema vizuri. Ni kwa sababu ndiva iko juu na shamba liko chini. Ule mteremko ndio unaoyasukuma.

Umeme nao una msukumo wake. Kipimo cha msukumo huo huitwa volti. Someni hapa ubavuni mwa betri hii. Imeandikwa 1.5, maana yake volti moja na nusu. Ukizipanga betri mbili, moja nyuma ya nyingine, unapata volti 3. Betri kubwa ya sola ina volti 12. Umeme wa TANESCO unaoingia nyumbani una volti 230. Ukitaka kupata msukumo huo kwa betri za tochi, lazima upange betri zipatazo 153 katika mstari mmoja. Mstari huo hautaenea mezani hapa.

Jambo la pili ni wingi wa maji yanayopita. Mfereji mmoja unaweza kuwa na maji mengi, mwingine maji kidogo. Kwa umeme, wingi huo wa kupita huitwa mkondo, na kipimo chake ni ampia. Jambo la tatu ni njia yenyewe. Mfereji mpana hupitisha maji kwa urahisi, mfereji mwembamba uliojaa majani unayazuia. Uzuiaji huo katika umeme huitwa ukinzani, na kipimo chake ni omu. Jina hilo limetokana na Mjerumani mmoja, Georg Ohm, aliyekuwa mwalimu. Mwaka 1827 alitoa kitabu kilichoeleza kanuni hii: chukua msukumo, ugawanye kwa ukinzani, utapata mkondo. Volti gawanya kwa omu, jibu ni ampia. Andikeni katika madaftari yenu. Tutaitumia hesabu hiyo kabla ya kuondoka hapa.

Lakini mfano wa ndiva una mahali unapokwama. Maji yakifika shambani yanaingia ardhini, mahindi yanakunywa, basi. Hayapandi tena kurudi kwenye ndiva. Umeme haukubali hivyo. Hautoki kama haujui utarudi wapi.

Nani atakuja mbele tujaribu? Njoo, mama. Shika balbu hii. Nimeunga waya mmoja kutoka kichwa cha betri mpaka kitako cha balbu. Je, inawaka? Haiwaki. Umeme umefika mlangoni lakini hauna pa kutokea. Sasa chukua waya wa pili. Upande mmoja uguse ubavu wa balbu, upande mwingine uguse kitako cha betri. Haya! Imewaka.

Mmeona wenyewe. Njia inatoka kichwani mwa betri, inapita kwenye balbu, inarudi kitakoni mwa betri. Njia hiyo nzima huitwa sakiti. Ikikatika mahali popote, hata kwa unene wa unywele, umeme wa betri hii hausimami pale kusubiri. Unakoma njia nzima. Ndiyo kazi ya swichi. Swichi ni daraja linaloinuliwa na kushushwa. Hakuna muujiza ndani yake.

Watu wengine hudhani kwamba balbu inakula umeme, kwamba unaoingia ni mwingi na unaotoka ni mchache. Sivyo. Mkondo unaoingia ni sawa na unaotoka. Kinachochukuliwa na balbu ni nguvu, kama maji yanavyozungusha gurudumu la mashine kisha yakaendelea na safari. Tunaponunua umeme wa LUKU tunanunua nguvu hiyo. Yuniti moja ni kazi ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja.

Sasa tukate waya wetu katikati, tuone ni vitu gani vinaweza kuwa daraja. Weka sarafu. Inawaka. Weka msumari. Inawaka. Weka kijiti kikavu. Haiwaki. Weka kipande cha ndala. Haiwaki. Sasa, mama, weka vidole vyako viwili, kimoja huku na kimoja kule. Usiogope. Haiwaki, wala husikii kitu.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wanasema, "Kumbe mwili wa mtu haupitishi umeme." Mwili unapitisha! Unapitisha kidogo tu hapa kwa sababu msukumo wa betri ni volti 3, nao hautoshi kuipenya ngozi na kuiwasha balbu. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Tuunge balbu zote mbili. Kwanza tuziunge moja baada ya nyingine katika njia moja. Zinawaka, lakini mwanga ni hafifu. Nikiifungua moja, na ya pili inazimika, maana njia imekatika. Sasa tuziunge kila moja na njia yake, kama mfereji uliogawanyika kwenda mashamba mawili. Zote zinawaka vizuri. Nikiifungua hii, ile haina habari. Nyumba zetu zimeungwa kwa namna hii ya pili. Ndiyo maana ukizima taa ya chumbani, ya sebuleni inaendelea.

Lakini namna hii ina gharama yake. Njia mbili zikikutana katika waya mmoja, mikondo inajumlishwa. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 230 inavuta ampia 4 na kidogo. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9. Ukiviweka vyote katika waya mmoja mwembamba wa kuongezea, ule uliokusudiwa kwa taa na redio, unapitisha ampia 13 mahali palipowekwa kwa ampia chache. Waya unapata moto, plastiki inalainika, nyumba inaungua usiku watu wamelala.

Umeme huu wa nyumbani unatoka wapi? Sehemu yake inatokana na maji tunayoyajua. Upande wa magharibi wa milima yetu liko bwawa la Nyumba ya Mungu katika Mto Pangani. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 8, na megawati moja ni wati milioni moja. Maji hayo hayo yanateremka mpaka Hale, mkoani Tanga, penye megawati 21, kisha New Pangani Falls, megawati 68. Mto mmoja, kazi mara tatu. Siku hizi nyaya za nchi zimeunganishwa, hata tunachangia na wa mbali. Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, na wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 ili umeme ufike vijijini kama hiki. Zamani umeme ulikuwa wa watu wa mjini Same na wa barabara kuu. Sasa umepanda mlima, na hatari zake zimepanda pamoja nao.

Katika nyumba kuna nyaya mbili. Mmoja sisi mafundi tunauita waya wa moto. Katika nyumba mpya ni wa rangi ya kahawia, katika nyumba za zamani ni mwekundu. Wa pili ni nyutro, wa buluu, au mweusi katika nyumba za zamani. Umeme unapita katika mmoja na kurudi kwa mwingine. Kwa kweli umeme wa TANESCO hugeuza upande mara nyingi kila sekunde, lakini kwa mazungumzo ya leo hilo halibadilishi kitu. Bila njia kamili, haupiti.

Sasa sikilizeni vizuri. Huko kwenye transfoma, ule waya wa nyutro umefungwa ardhini. Umezikwa. Maana yake ardhi yenyewe ni njia ya kurudi. Mtu akiugusa waya wa moto huku amekanyaga ardhi, hahitaji kuugusa waya wa pili. Waya wa pili ni miguu yake. Sakiti imekamilika: transfoma, waya, mkono, kifua, mguu, ardhi, transfoma.

Naona mzee kanyoosha mkono. Ndiyo, baba. Unauliza kwa nini kunguru anakaa juu ya waya wala hafi. Kwa sababu amekaa juu ya waya mmoja tu na hagusi ardhi. Hakuna njia ya kurudia. Siku bawa lake likigusa waya wa pili, utamwokota chini.

Sasa niseme ile sababu yangu nyingine.

Miaka iliyopita, kabla sijakwenda kusoma na kupata leseni, nilikuwa fundi wa kujifunza kwa macho. Bibi mmoja alikuwa hana umeme. Jirani yake alikuwa nao. Wakaniomba nimvutie waya kutoka nyumba ile mpaka hii, apate taa moja. Jambo hilo haliruhusiwi, nami nilijua. Nikafanya. Nilitumia waya mwembamba wa ndani ya nyumba, nikaupitisha juu ya migomba, nikauegemeza kwenye ukingo wa bati la jiko. Taa ikawaka. Bibi akanipa mkungu wa ndizi. Nikaondoka nimefurahi.

Upepo wa milimani mnaujua. Kila siku waya ulisuguliwa na ukingo wa bati. Plastiki ikalika. Ikafika siku shaba ikagusa bati. Je, kulitokea nini? Hakuna. Taa iliendelea kuwaka. Jiko lilikuwa la udongo mkavu na miti mikavu, basi bati lilikaa na umeme wake juu pale, halina njia ya kurudia. Lilikuwa linasubiri mtu.

Kwenye bati hilo ulifungwa waya wa kuanikia nguo. Jioni moja mvua ilinyesha. Mjukuu wa bibi, mtoto wa darasa la nne, alitumwa kuanua nguo. Alikuwa peku, ardhi imelowa. Akaushika waya.

Umeme hukaza misuli. Mkono uliofumba hauwezi kufumbuka. Mtoto hakupiga hata kelele, alitetemeka tu. Bibi alikuja mbio mikono imenyooshwa. Kisha, mwenyewe anasema hajui ni kwa nini, akageuka, akachukua mchi uliokuwa ndani jikoni, mkavu, akaupiga ule waya wa nguo mpaka ukachomoka kwenye msumari wake. Mtoto akaanguka, akaanza kulia. Kilio kile kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote. Alipelekwa hospitali, akapona. Kiganjani ana kovu mpaka leo. Kila nikikutana naye njiani ananiamkia, "Shikamoo, fundi." Naitikia, lakini macho yangu yanakwenda kwenye kile kiganja.

Bibi angemshika mtoto kwa mikono yake, tungezika wawili.

Sasa fungueni madaftari, tufanye ile hesabu ya Ohm. Ngozi iliyolowa maji, ukinzani wa mwili unaweza kushuka mpaka karibu omu 1,000. Volti 230 gawanya kwa 1,000. Jibu ni ampia 0.23. Mtasema ni kidogo. Balbu hii ya tochi inatumia ampia 0.3. Lakini moyo wa mtu si balbu. Mkondo wa ampia 0.03 tu, yaani sehemu ya kumi ya balbu hii, ukipita kifuani unatosha kuhatarisha maisha. Fanyeni na ya betri: volti 3 gawanya kwa 1,000 ni ampia 0.003. Ndiyo sababu mama hapa hakusikia kitu, tena vidole vyake vilikuwa vikavu.

Jirani aliniuliza siku ile, "Mbona sakiti breka haikukata?" Ni swali la haki. Breka ile ilikuwa ya ampia 20. Inangoja mkondo uzidi ampia 20 ndipo ikate. Mtoto alipitisha chini ya ampia moja. Kwa breka, mtoto yule alikuwa kama taa moja zaidi iliyowashwa. Wengi hawajui hili. Breka ya kawaida na fyuzi huwekwa kulinda waya usiungue. Hazikuwekwa kumlinda mtu. Na kuna watu wanaoondoa fyuzi na kuweka msumari ili "isisumbue". Hao wameondoa hata ulinzi wa waya.

Kinachomlinda mtu ni vitu viwili. Cha kwanza ni waya wa ardhi, wa rangi ya kijani na njano, unaofunga vitu vya chuma vya umeme kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Waya wa moto ukigusa chuma, mkondo mkubwa unakimbilia ardhini kwa njia hiyo nyepesi, na ukitosha, breka inakata hapo hapo. Cha pili ni breka ya namna nyingine, inayopima umeme unaotoka na unaorudi. Nimesema lazima viwe sawa. Breka hii ikiona umerudi pungufu kwa ampia 0.03, inajua kwamba umeme unarudi kwa njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu, na inakata kabla hujamaliza kusema "lo". Mkipimiwa kazi na fundi, muulizeni, "Ipo hiyo breka ya umeme unaovuja? Fimbo ya ardhi umeipiga wapi? Nionyeshe." Akikasirika, tafuteni mwingine.

Mkimkuta mtu amenaswa, msimshike. Zimeni swichi kuu kwanza. Ikiwa iko mbali, chukueni mti mkavu: mchi, mpini wa jembe, ubao. Msichukue bomba, wala mti mbichi, wala kitu kilicholowa. Simameni mahali pakavu, mmwondoe. Nasema umeme wa ndani ya nyumba. Waya wa nguzo kubwa ukianguka, msisogee kabisa hata kwa mti, kaeni mbali na mpige simu TANESCO. Mtu akiondolewa, angalieni kama anapumua. Kama hapumui, mlazeni chali, mkandamizeni kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka, bila kuchoka, huku mwingine akitafuta gari. Hata akiamka akasema hajambo, apelekwe hospitali, maana moyo unaweza kusumbua baadaye.

Mama ameuliza, asiye na umeme wake akae gizani? Hapana. Aombe aungiwe wake mwenyewe. Akisubiri, sola ndogo ya volti 12 inatosha taa na simu, na msukumo wake ni mdogo. Lakini nayo ina sakiti, na betri yake ikiunganishwa ncha kwa ncha kwa waya mtupu inaweza kuwasha moto. Fyuzi iwekwe.

Betri na balbu hizi nawaachia hapa kwa mwalimu. Chukueni kwa zamu, mwende mkajaribu na watoto.

Leo kabla ya kuja nilizunguka kijiji. Nimehesabu nyaya saba zinazotoka nyumba moja kwenda nyingine juu ya migomba. Nne nilizifunga mimi mwenyewe miaka ile. Hizo nakuja kuzitoa kesho asubuhi bila malipo, na wenye hizo tatu wakiniita nitapita. Nitaanza na ule unaopita juu ya jiko la mama aliyenishikia balbu hapa mbele. Mama, nakuomba, usianike nguo mpaka nifike.